Kengele za Mtakatifu Sergius

Msafiri atokaye Moscow siku ya baridi huenda kaskazini kilomita 70 hivi, theluji pande zote, hata aione nyumba ya watawa aliyoianzisha Sergius katika karne ya 14. Kuta zake zililizuia jeshi la Poland miezi 16, tangu 1608 hata 1610. Waliloshindwa adui, wenyeji walilitenda: serikali iliifunga mwaka 1920, na Januari 1930 kengele kubwa, yenye tani zaidi ya 60, ikaangushwa toka mnarani, ikavunjika. Sisi tuitwao ibadani kwa kengele kila Jumapili twaweza kukiwaza kimya kile. Pasaka ya 1946 zilizosalia zikalia tena. Mwaka 2004 ikapandishwa mpya, ya tani 72.