Nyumba za Ibada za Bujumbura: Tulikotoka

Mgeni akifika Bujumbura huonyeshwa Regina Mundi, kanisa kuu la Wakatoliki. Jimbo lao lilianzishwa mwaka 1959, mji ukiitwa bado Usumbura. Mwaka 2006 likawa jimbo kuu.

Sisi Wapentekoste hatukuanzia mjini. Wamisionari wa Sweden walianza kazi Uvira, ng'ambo ya ziwa, mwaka 1921. Mwaka 1935 wakafungua misheni Kiremba, kusini mwa Burundi. Mwaka uleule Waanglikana nao walifungua Buhiga na Matana. Kwa hiyo kazi hii ilivuka mpaka tangu mwanzo, tena ilianzia milimani ndipo ikashuka mjini.

Halafu ikaja miaka ya Rais Bagaza, 1976 hadi 1987. Wamisionari wengi walifukuzwa, ibada za siku za kazi zikakatazwa, waumini wengine wakafungwa. Jengo lipo, lakini Jumatatu huingii! Buyoya alipochukua madaraka Septemba 1987, vizuizi vikaondolewa.

Vita iliyoanza 1993 ikatutawanya tena: Uvira, Kigoma, Nairobi, mpaka Kanada. Wengi waliabudu kambini chini ya turubai, na hayo nayo yalikuwa makanisa, ingawa hakuna picha yake ukutani.

Basi vijana, waulizeni wazee wenu: miaka ile mlisali wapi, na nani aliwafungulia mlango? Andikeni majina sasa, wangali hai. Mungu awabariki.