Mabeki wa Pembeni wa Simba: Nani Awe wa Kwanza?

Wasikilizaji wetu wa Masasi, Newala na kwingineko, katika mazungumzo haya twapenda kusema habari za watu ambao kazi yao husifiwa kidogo na kulaumiwa sana, nao ni mabeki wa pembeni wa klabu ya Simba ya Dar es Salaam. Klabu hii ilizaliwa mwaka 1936. Kwa muda mrefu ikajulikana kwa jina la Sunderland, na mwaka 1971 ikachukua jina la Simba. Wanafunzi wetu wametuuliza, wala si mara moja, nani katika mabeki wake wa kulia na wa kushoto astahili kuwekwa mbele ya wenzake. Swali hili limeamsha kelele mabwenini usiku, likafika na barazani kwa wazee. Mwaka 2025 lilizidi kuwa kali, kwa sababu tutakayoieleza.

Yafaa kwanza tukiri jambo moja. Sisi tukaao juu ya uwanda wa Makonde, na wenzetu wa chini huko Masasi, mabeki wa zamani wengi wetu hatukuwaona kwa macho; tuliwasikia. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa juu ya mto Rufiji mwaka 2003, safari ya Dar es Salaam ilikuwa safari ya kungoja kivuko, na masika yakichachamaa njia hufungwa. Basi mpira wetu ulikuwa mpira wa redio. Mwenye redio hakukosa wageni siku ya mchezo, na betri zilizochoka zilianikwa juani tangu asubuhi, pamoja na korosho, ili zipate nguvu za kufikia kipenga cha mwisho.

Lakini redio ina upungufu wake. Mtangazaji hufuata mpira ulipo. Jina la mfungaji hulitamka mara ishirini kwa sauti ya furaha, bali jina la beki husikika zaidi akiwa amekosea: amepitwa, ameunawa mpira, amesababisha penalti. Winga hatari akifungiwa njia dakika zote 90, husemwa tu kwamba leo hakuchangamka, wala hapana aulizaye ni nani aliyemnyima uchangamfu wake. Kwa hiyo mtu awapangaye mabeki kwa kuhesabu mara alizosikia majina yao atawadhulumu. Sisi tumetumia kipimo kingine: mtu ameitumikia klabu miaka mingapi, alisimama mbele ya wapinzani wa namna gani, na klabu ilifika wapi wakati yeye akilinda pembe yake.

Wazee wetu wana jibu moja tu, nalo ni Mohamed Kajole, beki wa kushoto, namba tatu wa miaka ya sabini. Si jibu la kupuuzwa. Zama zake zilikuwa zama za fahari, maana Simba ilitwaa ubingwa wa nchi mara tano mfululizo, tangu 1976 hata 1980. Tarehe 19 Julai 1977 Simba iliifunga Yanga mabao 6 kwa 0, na kila mtoto anajua kwamba Abdallah Kibadeni alifunga matatu. Ile sita imetajwa mpaka imechakaa; ile sufuri haina mwenyewe. Mwaka 1979 ikawa vivyo hivyo. Simba ilikuwa imefungwa 4 kwa 0 na Mufulira Wanderers papa hapa nyumbani, ikaenda Zambia ikashinda 5 kwa 0. Mabao matano ya ugenini husimuliwa hata leo, bali kuzuia timu iliyokuwa imefunga manne juma chache kabla, tena mbele ya watu wake, ni nusu ya habari ambayo wasimuliaji huiruka. Kajole alikuwa pia katika timu ya taifa iliyokwenda Lagos mwaka 1980 kwa Kombe la Mataifa ya Afrika, safari ambayo Tanzania haikuirudia mpaka 2019.

Baada yake twaruka miaka mingi, tukijua kwamba kuna watakaonung'unika. Twasimama mwaka 2003, Simba ilipokutana na Zamalek ya Misri, waliokuwa mabingwa wa Afrika wa mwaka uliotangulia. Kulia alikuwapo Said Sued, kushoto Ramazani Waso kutoka Burundi. Simba ilishinda 1 kwa 0 Dar es Salaam, ikafungwa 1 kwa 0 Cairo, ikapita kwa penalti 3 kwa 2. Katika michezo miwili, bingwa wa bara zima alipata bao moja tu. Wawili hawa twawaweka pamoja katika nafasi ya nne, kwa kuwa hatuoni njia ya haki ya kuwatenganisha.

Sasa twafika kwa watu tuliowaona. Shomari Kapombe, namba mbili, aliingia Simba mwaka 2011, akatoka mwaka 2013 kwenda klabu ya Cannes huko Ufaransa, akarudi nchini akaichezea Azam, na mwaka 2017 akarejea Simba. Mohamed Hussein, namba tatu, alitoka Kagera Sugar akaingia Simba mwaka 2014. Wapenzi wa Simba humwita Tshabalala, jina la yule mchezaji wa Afrika ya Kusini aliyefunga bao la kwanza la Kombe la Dunia la 2010. Tangu 2017 wawili hawa walikuwa kama mabawa mawili ya ndege mmoja. Simba ikatwaa ubingwa mara nne mfululizo, tangu msimu wa 2017/18 hata 2020/21. Ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika mwaka 2019, ikaifikia tena miaka iliyofuata. Na Mei 2025 ikaingia fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Berkane ya Morocco. Huko ugenini ilifungwa 2 kwa 0, na marudiano uwanjani Amaan, Unguja, yakawa 1 kwa 1. Nahodha msimu ule alikuwa Mohamed Hussein.

Kwa ufundi wa mguu mmoja mmoja, Kapombe ndiye aliyekamilika zaidi. Hupanda hata mstari wa mwisho akamimina krosi, na mpira ukipotea umekwisha kumwona amerudi mahali pake, wala hujui alipita wapi. Tukipima miguu peke yake, twampa yeye kiti cha mbele bila kusita. Lakini tumeulizwa habari za klabu, na utumishi wake klabuni ulikatika kwa miaka minne hivi. Mwenzake alisimama pale pale miaka 11.

Hapa ndipo penye ugomvi. Agosti 2025, baada ya miaka hiyo 11, Mohamed Hussein alihamia Yanga, mtani wa jadi. Mwanafunzi wetu mmoja alichukua wembe akalikwangua jina la Tshabalala katika jalada la daftari lake mpaka karatasi ikatoboka. Mzee mmoja wa Newala akatuambia kwamba mtu aliyehama ukoo hatajwi tena katika matambiko ya ukoo. Tumeyasikia yote mawili, na hatukubaliani nayo. Mpira ni kazi ya kulipwa, na mkataba ukiisha mtu yu huru. Hakutoroka mlango wa nyuma. Alimaliza muda wake akiwa nahodha. Tena twauliza: mabao yaliyozuiwa mwaka 2019, je, yameingia golini kwa kuwa mlinzi amebadili jezi mwaka 2025?

Mwezi ule ule wa Agosti kulikuwa na mashindano ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ndani, na Tanzania ilicheza katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliopewa jina la mwana wa Lupaso, jirani zetu wa Masasi. Mchezo wa kwanza Burkina Faso walifungwa 2 kwa 0, na bao la pili lilikuwa la kichwa cha Mohamed Hussein. Mchezo wa pili Mauritania walikaza mpaka dakika ya 89, ndipo Kapombe akafunga bao pekee. Safari hii redio ililazimika kuwataja mabeki kwa furaha, na aliyekwangua daftari alikuwa miongoni mwa waliorukaruka.

Basi orodha yetu ni hii: Mohamed Hussein wa kwanza, Kapombe wa pili, Kajole wa tatu, Sued na Waso wa nne. Tulipoisoma darasani, wazee wa Kajole walikuwa na watetezi wachache kuliko tulivyodhani. Kisha kijana mmoja wa nyuma, aliyekuwa kimya muda wote, akanyosha mkono akauliza kama Yanga haina mabeki. Tukamwambia alete majina yake juma lijalo, pamoja na miaka.