Saratani ya mapafu: Dalili ambazo ndugu wa mgonjwa hapaswi kuzipuuza baada ya dripu

Chukulia mgonjwa wa saratani ya mapafu ametundikiwa dripu Dar es Salaam, kisha akarudi nyumbani Korogwe. Wiki kadhaa baadaye kikohozi kinaanza upya. Anakwenda zahanati, anapewa dawa ya kikohozi na kuambiwa apumzike. Kumbe huenda tatizo si mafua wala TB, bali ni dawa ya saratani yenyewe.

Hapo ndipo ndugu, jirani na rafiki wanapokuwa sehemu ya tiba.

Imunotherapia ni nini?

Ni tiba inayoamsha kinga ya mwili ili ipambane na saratani. Seli za saratani zina ujanja wa kukanyaga "breki" za askari wa mwili. Dawa kama pembrolizumab na nivolumab huziachia breki hizo. Ugunduzi uliozaa tiba hii uliwapa James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2018.

Pembrolizumab hutolewa kwa dripu kila baada ya wiki 3 au 6. Si kila mgonjwa anafaa kuitumia. Daktari hupima kwanza aina ya uvimbe. Pia ni ghali, na familia nyingi bado hazimudu.

Dalili za kuangalia

Breki zikiachiwa, kinga inaweza kushambulia hata viungo vizima. Mgonjwa awahi hospitali akiona:

- Kikohozi kipya, au kukosa pumzi kuliko kawaida
- Kukohoa damu
- Kuharisha mara nyingi, maumivu makali ya tumbo au damu kwenye choo
- Macho kuwa ya njano na mkojo kuwa wa rangi nzito
- Vipele vinavyosambaa na kuwasha sana
- Uchovu usioisha, kuhisi baridi wakati wengine wanahisi joto
- Kiu kali na kukojoa mara kwa mara

Madhara haya yanaweza kuanza wiki chache baada ya dripu ya kwanza, au hata miezi kadhaa baada ya kumaliza tiba. Yakiwahiwa, mengi hutulizwa kwa dawa za steroidi anazoandika daktari. Yakichelewa, hasa ya mapafu, yanaweza kuua.

Umbali unaongeza hatari

Mgonjwa wa Handeni au Korogwe akizidiwa hukimbilia zahanati ya jirani, Hospitali ya Magunga mjini Korogwe, au Bombo jijini Tanga. Lakini vituo vikubwa vya saratani viko mbali: Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na KCMC, Moshi. Korogwe hadi Dar ni karibu kilomita 300. Wa Handeni hutokea kwanza Mkata ndipo ashike barabara kuu.

Kwa hiyo mhudumu wa kwanza kumpokea aambiwe mapema: "Huyu anatumia imunotherapia." Jina la dawa, tarehe ya dripu ya mwisho na namba ya simu ya kliniki vipigwe picha na kuhifadhiwa kwenye simu ya mgonjwa na ya ndugu mmoja.

Ndugu afanye nini?

Mwaka 2017, watafiti wa Marekani wakiongozwa na Ethan Basch walitoa matokeo ya wagonjwa 766 wa saratani iliyosambaa waliokuwa kwenye tibakemikali. Walioripoti dalili zao mara kwa mara kwa njia ya kompyuta, na wauguzi wakapata taarifa, waliishi takriban miezi 5 zaidi ya wenzao.

Nyumbani, daftari na simu vinatosha kuanza:

- Mtu mmoja aandike dalili kila siku: kikohozi, pumzi, choo, hamu ya kula.
- Mwingine amsindikize kliniki, maana wawili husikia zaidi ya mmoja.
- Familia au kikoba kitenge nauli ya dharura kabla hali haijawa mbaya.
- Mgonjwa asilaumiwe. Wapo wanaougua bila kuwahi kuvuta sigara, na saratani haiambukizi, hivyo hakuna haja ya kumtengea vyombo.
- Dawa za kienyeji zisifichwe; daktari aambiwe.

Wagonjwa wengi hunyamaza wasiwe mzigo. Ndugu asisubiri aambiwe, aulize kila jioni. Na pumzi ikibana usiku, safari ianze usiku huohuo, si siku ya kliniki ijayo.