Kiini cha Linux: Historia na Istilahi Yake

Jina la Jadida, huko Wete katika kisiwa cha Pemba, kwa asili yake ya Kiarabu lina maana ya "mpya"; na Kiswahili kina kitenzi jadidi, yaani kufanya upya. Tuchukue basi mfano wa mwalimu wa Jadida aliyepata kompyuta mpakato mpya, akaitilia mfumo wa Linux wa miaka ya nyuma, na waifai ikakataa. Ni kitu gani hasa kinachopaswa kujadidiwa, nasi tukiiteje?

Tarehe 25 Agosti 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kwamba anaunda mfumo wa uendeshaji wa kompyuta. Alichokiunda ni ile sehemu ya ndani inayosimama kati ya maunzi na programu nyingine, ikigawa kumbukumbu na kuongoza vifaa. Toleo la 1.0 lilitoka Machi 1994. Miaka kumi baadaye, mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilihusu maneno yanayoonekana kwenye kioo. Sehemu ya ndani, kwa kuwa haionekani, ni rahisi kusahauliwa na watunga istilahi.

Hata hivyo umuhimu wake ni mkubwa, kwani viendeshi vingi vya vifaa vimo ndani yake. Ubuntu 18.04 ya Aprili 2018 ilitoka na toleo la 4.15. Kifaa cha waifai cha Intel AX200 kilianza kutambuliwa katika toleo la 5.1, la mwaka 2019. Kwa hiyo kompyuta yenye kifaa hicho ilionekana mbovu, hali ni nzima. Februari 2020 Ubuntu 18.04.4 ilikuja na toleo la 5.3, na tatizo likapata dawa bila ya kununua kitu.

Sehemu hiyo tuiite nani? Kokwa haifai, kwa sababu humfanya msomaji afikirie kitu kigumu cha kutupwa baada ya tunda kuliwa. Keneli hutamkika, lakini haimwelezi mwanafunzi lolote. Kiini ni bora zaidi: skulini tayari tunasema kiini cha seli na kiini cha atomu.

Lakini jina halitoshi bila ya kitenzi chake. Mwongozo ukisema "ondoa kiini, tia kingine", mtumishi wa serikali mwenye majalada ndani ya mashine ataogopa, na ana haki. Ukweli ni kwamba kwa kawaida kiini kipya huwekwa kando ya kile cha zamani, na mtumiaji huchagua kimoja wakati wa kuwasha. Kipya kikishindwa, hurudi kwa cha kwanza. Kitenzi sakinisha, kutokana na sakini, yaani kukaa mahali, chaeleza jambo hilo barabara: mgeni hupewa makazi, na mwenyeji hafukuzwi.

Kwa hiyo twapendekeza wafasiri waandike "kusakinisha kiini kipya", na mara baada ya hapo waeleze kwamba cha zamani kibakishwe mpaka kipya kijaribiwe. Istilahi iliyo sahihi humwokoa mwalimu yule asiitupe mashine iliyo nzima.