Mkono Mmoja Haulei Mwana: Habari za Jamaa Zenye Watoto wa Mahitaji Maalum katika Kenya

Kila mwaka kitabu hiki hueleza hesabu za chama, majina ya waliofariki, na kazi zilizotendwa na kamati. Safari hii imeonekana inafaa kuongeza maelezo ya historia, kwa sababu liko jambo litakalokuja mbele ya wanachama katika mkutano mkuu: je, mfuko wa chama ufunguliwe kwa jamaa zenye watoto wenye mahitaji maalum, au ubaki kuwa mfuko wa msiba na ugonjwa kama ulivyo? Sisi tuliopewa kazi ya kuandika hatukusudii kumshurutisha mtu. Twataka tu kila mwanachama aingie mkutanoni akiijua njia iliyokwisha pitiwa katika nchi yetu.

Na tuanze na vyama vyenyewe. Vyama vya kusaidiana vilizaliwa katika miji, pale watu walipotoka makwao kwenda kutafuta kazi Nairobi, Mombasa, Nakuru na Kisumu. Jambo lililowakusanya kwanza lilikuwa kifo. Mtu akifa ugenini, nani atanunua sanduku, na nani atalipa gari la kumrudisha kwao? Vyama vikubwa vya zamani, kama Luo Union na Abaluhya Association, vilijulikana sana kwa kazi hiyo, na vile vidogo vikafuata nyayo zao. Ndiyo maana hata leo kanuni za vyama vingi zimeandikwa kwa kuufikiria msiba. Mauti huja siku moja, watu huchanga, marehemu huzikwa, na daftari hufungwa. Lakini uko mzigo mwingine ambao haufungwi kwa siku moja wala kwa mwaka mmoja, nao ni wa mzazi aliyejaliwa mtoto asiyeona, asiyesikia, asiyetembea, au ambaye akili yake haikui pamoja na mwili. Mzigo huo katika kanuni nyingi hauna kifungu.

Kabla ya kuendelea, tuseme neno juu ya majina. Katika vitabu na taarifa za zamani watu hawa waliitwa vipofu, viziwi, vilema na mataahira, wala wengi walioandika hivyo hawakuwa na nia ya kutukana. Hata hivyo watu wenyewe wamelalamika kwamba majina kama kilema na kiziwi yamewekwa katika ngeli moja na kiti na kisu, kana kwamba mwenye ulemavu ni kitu. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 54, imeamua kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa, na ya kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Hii ndiyo sababu sisi twasema watoto wenye ulemavu au wenye mahitaji maalum.

Hapo kale mtoto wa namna hii alilelewa nyumbani, na mama ndiye aliyekuwa shule yake na hospitali yake. Alimbeba mgongoni hata umri ambao watoto wengine wanachunga mbuzi. Alipokwenda shambani au sokoni, mara nyingi dada wa mtoto huyo alibaki kumwangalia, na kwa hiyo watoto wawili walikosa darasa kwa sababu ya mmoja. Majirani wengine walisaidia kwa moyo, wengine wakanong'ona juu ya laana, uchawi au kosa la mama. Baadhi ya wazazi waliwaficha watoto wao ndani. Tusiwahukumu upesi, maana aliyemficha mtoto mara nyingi alikuwa akimkinga na macho ya watu, na wakati mwingine hakuwa na mtu wa kumwachia alipokwenda kutafuta chakula. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Msaada wa kwanza uliopangwa ulitoka kwa wamisheni. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya watoto wasioona mjini Thika mwaka wa 1946. Hapo watoto walijifunza kusoma kwa vidole, kwa maandishi ya nukta nundu. Mwaka wa 1956 ikatungwa sheria ya kuanzisha Kenya Society for the Blind. Mwaka wa 1958 vikaanzishwa vyama viwili vingine, kimoja cha watoto wasiosikia na kimoja cha watu wenye ulemavu wa viungo. Mwaka wa 1961 zikafunguliwa shule za watoto wasiosikia huko Mumias na Nyang'oma, na mwaka wa 1962 Jeshi la Wokovu likafungua Joytown, papo hapo Thika, kwa watoto wenye ulemavu wa viungo. Wanachama waangalie vizuri miaka hii. Yote ni kabla ya Uhuru, na karibu kila mlango ulifunguliwa na kanisa au chama cha watu wa hiari. Serikali ilikuja nyuma na kushika mkono ulionyoshwa tayari.

Lakini haifai kuficha kwamba msaada wa siku zile haukugawanywa sawasawa. Kwa watoto wenye ulemavu wa akili, Nairobi ilikuwa na shule ya Mtakatifu Nicholas kwa watoto wa Kizungu na shule ya Aga Khan kwa watoto wa Kihindi. Mtoto wa Mwafrika mwenye hali ile ile alibaki Pumwani au Kaloleni akiwa na mama yake. Rangi ilihesabiwa hata kwa mtoto asiyeweza kujifunga kifungo cha shati. Mwaka wa 1968, miaka mitano baada ya Uhuru, shule hizo mbili ziliunganishwa zikawa shule ya Jacaranda, nayo ikawa wazi kwa watoto wa kila kabila. Watu wengi hupita karibu na shule hiyo wala hawajui kwamba jina lake ni kumbukumbu ya mwisho wa ubaguzi huo.

Serikali ya Uhuru nayo ilianza mapema kulifikiri jambo hili. Mwaka wa 1964 Tume ya Ominde ilishauri kwamba watoto wenye ulemavu mdogo wasome pamoja na wenzao katika shule za kawaida. Mwaka wa 1968 ukatolewa waraka wa Serikali, namba 5, juu ya malezi na mafunzo ya watu wenye ulemavu. Hata hivyo shule maalum zilikuwa chache na mbali. Mzazi wa Kitui au wa Kilifi aliyetaka nafasi ilimpasa kumpeleka mtoto bweni na kumwona likizo kwa likizo. Na yule mtoto mwenye shida nyingi zaidi, asiyeweza kula wala kwenda msalani bila kusaidiwa, ndiye aliyekuwa vigumu kupokelewa. Kwa hiyo mzazi aliyehitaji msaada kuliko wote ndiye aliyebaki nao mdogo kuliko wote.

Hapo ndipo wazazi wenyewe walipoanza kukusanyika. Mwaka wa 1971 iliundwa Kenya Society for the Mentally Handicapped, chama cha wazazi na marafiki wa watu wenye ulemavu wa akili. Mwaka wa 1980 Serikali iliutangaza kuwa mwaka wa watu wenye ulemavu katika Kenya, na mfuko wa taifa ukaanzishwa. Mwaka wa 1984, kwa msaada wa nchi ya Denmark, vilianza vituo vya kuwapima watoto na kuwashauri wazazi, na mwaka wa 1986 ikaundwa Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, ya kufundisha walimu. Faida kubwa ya vituo vile ilikuwa kwamba mzazi aliambiwa waziwazi hali ya mtoto wake: kwamba huyu ana mtindio wa ubongo, au huyu hasikii lakini akili yake ni nzima. Aliyekwisha ambiwa hivyo hakurudi tena kwa urahisi kwenye maneno ya laana.

Mwaka wa 2003 ni mwaka wa kukumbukwa. Elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bure, na Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Mwaka huo huo wazazi wa watoto wenye usonji walianzisha chama chao, na darasa la watoto hao likafunguliwa katika shule ya City Primary, Nairobi. Tangu mwaka wa 2011 Serikali imekuwa ikitoa fedha kwa baadhi ya jamaa zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, kwa kiasi cha shilingi 2,000 kwa mwezi. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba watu wenye ulemavu, wa umri wa miaka mitano na zaidi, ni kama laki tisa, yaani asilimia 2.2. Mwaka wa 2025 ikapatikana sheria mpya mahali pa ile ya 2003.

Basi, mtu aweza kuuliza, ikiwa sheria zipo na vituo vipo, chama chetu kina kazi gani? Jibu ni kwamba sheria hufika mlangoni, lakini maisha ya mtoto yamo ndani ya nyumba. Mtoto mwenye kifafa ahitaji dawa kila siku. Mtoto asiyetembea ahitaji kiti cha magurudumu, na akikua hicho hakimtoshi tena. Mtoto wa miaka kumi avaaye nepi huzihitaji usiku na mchana. Kwenda kliniki ni nauli ya watu wawili, na kondakta wa matatu huenda akadai malipo ya kiti pia. Zaidi ya hayo yote, mama hana nafasi ya kufanya kazi. Baba wengine huondoka, na mama akabaki na mtoto, na lawama pia.

Katika wilaya ya Kilifi, kama zilivyoitwa zamani, limefanyika jambo la kutufundisha. Huko walezi wa watoto wenye ulemavu walisaidiwa kuunda vikundi vidogo katika vijiji vyao. Walikutana, wakacheza upatu, wakaanza biashara ndogo ndogo, wakasaidiana kuwatunza watoto. Watafiti waliofuatilia vikundi hivyo waliona kwamba walezi wengi hawakujiona tena kuwa peke yao, na namna jamii ilivyowatazama wao na watoto wao ilianza kubadilika. Si kila kikundi kilidumu, maana ugomvi wa fedha na umbali wa njia huvunja vikundi popote. Lakini vilivyodumu vilidumu kwa nguvu za wanachama wenyewe, na fedha zao hazikuwa nyingi.

Twajua neno litakalosemwa katika mkutano, nalo ni neno la haki. Litasemwa kwamba msiba huja mara moja lakini mtoto huyu yupo kila mwezi, na kwamba mfuko wetu mdogo utakauka kabla mwaka haujaisha, kisha atakayefiwa akose sanduku. Hofu hii isidharauliwe. Mweka hazina asiyeogopa si mweka hazina. Hata hivyo historia tuliyoieleza yaonyesha kwamba fedha ni sehemu moja tu ya msaada, tena si kubwa. Shule na vyama tulivyovitaja vilianza na watu wachache walioketi pamoja. Kwa hiyo twaweka mbele ya wanachama mambo matatu ambayo yaweza kufanywa bila kuugusa mfuko wa msiba.

La kwanza, iwepo zamu ya kutembelea na kukaa na mtoto, japo nusu ya siku kwa juma, ili mama apate kwenda sokoni, kanisani, msikitini, au alale tu. La pili, wanachama wanaojua kalamu wawasaidie wazazi kujaza karatasi za usajili na za fedha za Serikali, na kwenda nao ofisini, kwa maana haki nyingi hupotea mezani kwa kukosa karatasi moja. La tatu, kifunguliwe kisanduku cha pekee, chenye daftari lake, kwa ajili ya nauli na matengenezo ya viti, na fedha zake zitoke katika michango ya hiari peke yake. Na katika sherehe za chama, watoto hawa waitwe kama watoto wengine, waketi mbele, wapewe soda na keki kama wenzao. Jambo hili halina gharama kubwa, nalo huenda likamfurahisha mzazi kuliko shilingi.

Wazee walisema hujafa hujaumbika. Hakuna mwanachama awezaye kusema kwamba daftari la mwaka ujao halitakuwa na jina la nyumba yake, iwe kwa mtoto atakayezaliwa, kwa ajali ya barabarani, au kwa homa ya uti wa mgongo. Chama kilichojifunza kumbeba maiti umbali wa maili mia tatu hakishindwi kumbeba mtoto aliye hai umbali wa nyumba tatu. Uamuzi ni wa mkutano mkuu, nasi tutauandika katika kitabu cha mwaka ujao kama utakavyokuwa.