Saa ya Mkononi na Hesabu ya Jasho

Siku hizi mwendesha baiskeli akimaliza safari yake, kabla hata hajajifuta jasho, hutazama saa ya mkononi. Saa inamwambia: leo umechoma kalori 500. Naye huamini, kwani namba imetoka kwenye mtambo, na mtambo hauna sababu ya kumdanganya mtu. Wiki hii tuulize: saa hiyo imejuaje? Ili kulijibu swali hilo yatubidi turudi nyuma zaidi ya miaka 200.

Huko Ufaransa, katika majira ya baridi ya 1782 na 1783, Antoine Lavoisier na mwenzake Laplace walimweka simbilisi, mnyama mdogo anayefanana na panya mnene, ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu. Wakapima maji yaliyoyeyuka kwa joto la mwili wake. Wakaona kwamba kupumua ni namna ya kuungua polepole, kama mshumaa unavyoungua. Mwaka 1790 Lavoisier akamtumia msaidizi wake Armand Seguin, aliyevaa kinyago cha kupumulia huku akisukuma pedali kwa mguu. Kadiri Seguin alivyofanya kazi, ndivyo alivyotumia oksijeni nyingi zaidi. Miaka minne baadaye, Mei 1794, Lavoisier alikatwa kichwa katika mapinduzi ya nchi yake kwa kuwa alikuwa mkusanya kodi wa mfalme. Lakini njia alikwisha kuionyesha: ukitaka kujua mtu anatumia nishati kiasi gani, pima joto lake au pima pumzi yake.

Karne moja baadaye kazi hiyo ilihamia Marekani. Katika Chuo Kikuu cha Wesleyan, mjini Middletown, Wilbur Atwater na mwanafizikia Edward Rosa walijenga chumba chenye urefu wa futi 7 na upana wa futi 4 tu. Humo mtu aliishi siku kadhaa, akala, akalala, na katika baadhi ya majaribio akaendesha baiskeli isiyokwenda popote. Kila chakula kilichoingia kilipimwa, na kila kilichotoka pia, hata choo. Maji yaliyopita katika mabomba yalibeba joto la mwili wake nje, nalo likapimwa. Walipojumlisha, nishati iliyoingia na iliyotoka zililingana kwa tofauti isiyofika asilimia 1. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba mwili wa binadamu hauna muujiza wa kupoteza nishati wala kuiumba.

Tazameni basi gharama ya ukweli huo: chumba kizima, wataalamu wengi, siku kadhaa, na mtu mmoja aliyekubali kufungiwa kama kuku. Mwaka 1911 Mwingereza Claude Douglas alirahisisha mambo kwa mfuko wa kubeba mgongoni, unaokusanya pumzi ili ikapimwe baadaye. Hata huo, nani atauvaa akienda kazini?

Kwa hiyo wafanyabiashara wakatafuta njia ya mkato. Mwaka 1982 kampuni ya Polar ya Finland ilitoa kifaa cha kusoma mapigo ya moyo bila waya, mkanda kifuani na saa mkononi. Leo saa humulika taa ya kijani kwenye ngozi na kusoma damu inavyopita. Mapigo hayo, pamoja na umri, uzito na jinsia ya mvaaji, hutiwa katika kanuni ambayo kila kampuni huificha, na jibu huitwa kalori. Saa haipimi joto wala pumzi. Inakisia.

Na moyo hudunda kwa mengi. Jua kali huupandisha, kahawa huupandisha, hata basi linalokupita kwa kasi ubavuni huupandisha, bila miguu kuongeza kazi yoyote. Tena mkono wa mwendesha baiskeli umetulia kwenye usukani, kwa hiyo kile kipimo cha mtikisiko kinachomsaidia mtembea kwa miguu hakina cha kusema.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walivijaribu vifaa 7 vya mkononi kwa watu 60, wakitembea, wakikimbia na wakiendesha baiskeli, huku pumzi zao zikipimwa. Mapigo ya moyo vifaa 6 viliyasoma vizuri, na vizuri zaidi kwenye baiskeli. Kalori zilivishinda vyote: kilichokaribia ukweli kilikosea kwa asilimia 27, na kilichokosea kuliko vyote kwa asilimia 93. Waliona pia kwamba makosa ya vifaa yalikuwa makubwa zaidi kwa watu wanene na kwa wenye ngozi nyeusi zaidi. Sisi tunaonunua saa hizo huku kwetu hatuna budi kulitia hilo akilini.

Ipo njia iliyo bora kwa baiskeli. Tangu 1986 Mjerumani Ulrich Schoberer alipobuni kipimo cha nguvu kinachofungwa penye pedali, kazi ya miguu yenyewe hupimwa. Mtu anayetoa wati 100 kwa saa 1 amefanya kazi ya kilojuli 360. Na kwa kuwa mwili hugeuza kuwa kazi kiasi cha asilimia 20 hadi 25 tu ya nishati unayochoma, na iliyobaki hutoka kama joto, basi amechoma kalori kati ya 344 na 430. Hata hapo kuna kukisia, lakini ni kukisia kwa mtu aliyeshika mizani. Bei yake, hata hivyo, haiko kwenye mfuko wa kila mmoja.

Ubaya uko wapi? Uko mezani. Aliyechoma kalori 300 akaambiwa 500, kisha akajizawadia chakula cha 500, amejiongezea 200. Akifanya hivyo kila siku atashangaa uzito unapanda ilhali baiskeli haijalala. Na kama daktari amemwambia apunguze uzito kwa ajili ya kisukari au shinikizo la damu, hayo si mambo ya mzaha.

Hatusemi saa itupwe. Itumieni kujilinganisha ninyi wenyewe, jana na leo, katika njia ileile. Itumieni kwa mapigo ya moyo. Lakini chakula kipimeni kwa njaa, kwa mizani ya uzito na kwa ushauri wa daktari. Atwater alihitaji chumba kizima ili aijue namba hiyo. Saa inayoitoa kwa nukta moja haistahili kuachiwa kupanga mlo wa nyumba yako.