Mafuta ya haidroliki: Jinsi ya kuyabadilisha katika trekta dogo lenye ndoo

MAFUTA ya haidroliki ndiyo huinua ndoo ya kupakia iliyo mbele ya trekta dogo. Katika matrekta mengi ya aina hii, mafuta hayo hayo hulainisha gia na kupoza breki zilizo ndani ya ekseli ya nyuma.

Kwa hivyo yanapochakaa, hasara haiishii kwenye ndoo. Pampu hulika, gia hukwaruzika na breki hudhoofika.

Muda wa kuyabadilisha huelezwa katika kitabu cha trekta. Kwa matrekta mengi mapya, mara ya kwanza ni baada ya saa 50 za kazi, kwani vyuma vipya hutoa chembechembe vinaposuguana. Baadaye muda huo hurefuka hadi saa mia kadhaa.

Hata hivyo, zipo dalili zisizofaa kungojewa. Mafuta yenye rangi ya maziwa yameingia maji. Yanayonuka kuungua yamepata joto kupita kiasi. Na yenye povu yameingia hewa.

Usalama kwanza

Trekta huegeshwa mahali tambarare, likafungwa breki na kuzuiwa magurudumu. Ndoo sharti iteremshwe hadi chini. Injini ikishazimwa, vishikio vya ndoo husukumwa huku na huku ili shinikizo lililobaki litoke.

Ndoo iliyo juu hushikiliwa na mafuta pekee. Mpira ukifunguliwa, huanguka papo hapo na yaweza kuua.

Aidha, mafuta yenye shinikizo hupenya ngozi. Mahali panapovuja hutafutwa kwa kipande cha kadibodi, kamwe si kwa mkono. Aliyepenywa apelekwe hospitalini mara moja, hata kidonda kikiwa kidogo kama tundu la sindano.

Kumwaga na kujaza

Mafuta hutoka vyema yakiwa vuguvugu. Vizibo vyote vya chini hufunguliwa, kwani baadhi ya matrekta huwa na zaidi ya kimoja. Tope laini la chuma kwenye sumaku ya kizibo ni jambo la kawaida, lakini vipande vinavyoonekana kwa macho huashiria gia zinavunjika.

Filta mpya hufungwa baada ya mpira wake kupakwa mafuta safi. Vumbi hupanguswa kabla ya kufungua kifuniko chochote, maana chembe ya mchanga yatosha kukwaruza pampu.

Aina ya mafuta ni ile iliyotajwa kitabuni. Mafuta ya injini hayafai pale ambapo breki hulowa katika mafuta hayo.

Baada ya kujaza, injini huachwa ikinguruma polepole, huku ndoo ikiinuliwa na kuteremshwa mara kadhaa ili hewa itoke. Pampu ikipiga mluzi, injini izimwe na kiwango kikaguliwe. Hatimaye ndoo huwekwa chini, injini huzimwa, na mafuta hupimwa upya, kwa kuwa filta na silinda huwa zimekwisha kujaa.

Mafuta machakavu yasimwagwe shambani wala mtoni. Wapo wanaoyapaka kwenye nguzo za ua kuzuia mchwa, ila huchuruzika na kuchafua udongo. Yafaa kuhifadhiwa katika mtungi uliofungwa na kukabidhiwa wakusanyaji wenye leseni ya NEMA.